Mvuto Upite Kwenye Waya, Si Kwenye Lehemu

Nguru akipiga chambo kinachokokotwa nyuma ya mashua, mshipi hupata mshtuko mkubwa kuliko uzito wa samaki mwenyewe, kwa sababu mashua inakwenda huku na yeye anakimbilia kule. Chambo cha chuma kilichotengenezwa nyumbani kikishindwa hapo, ni nadra chuma chenyewe kukatika katikati. Kinachoachia ni kiungo. Ndoana inang'oka kwenye kijiko, pete inafunguka, au waya unachomoka kwenye gundi. Samaki anaondoka na ndoana mdomoni, na mvuvi anavuta kipande cha chuma kinachong'aa bure.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia moto, asidi na koleo, kuna kanuni moja ya kuishika. Weka kidole pale mshipi unapofungwa, kisha kipitishe taratibu hadi ncha ya ndoana. Njia hiyo yote inapaswa kupita kwenye chuma kizima, kilichopindwa, kilichosokotwa au kupitishwa tunduni. Mahali popote kidole kinapovuka tone la lehemu au gundi ambalo peke yake ndilo linaloshikilia pande mbili, hapo ndipo samaki atakapopatia njia. Lehemu inafaa kuzuia kitu kisiteleze, kutuliza msokoto usifunguke, kuongeza uzito na kuziba upenyo. Kazi ya kumbeba samaki haiiwezi.

Hesabu yake haina fumbo. Lehemu ya kawaida ya bati na risasi huvumilia takribani kilo 4 kwa kila milimita ya mraba. Uso wa ncha ya waya wenye unene wa milimita 1 haufiki hata milimita moja ya mraba. Ukiunga nyaya mbili za namna hiyo ncha kwa ncha, kiungo kitaachia kwenye kilo 3 hivi, na hapo ni ikiwa umelehemu kwa ufundi. Waya huohuo ukiwa mzima, wa stenlesi ngumu ya springi, hubeba zaidi ya kilo 100. Isitoshe, lehemu ina tabia ya kunyooka polepole ikivutwa kwa muda mrefu, hata kwa nguvu ndogo. Kiungo kilichovumilia mvuto mmoja wa mkono asubuhi kinaweza kuachia alasiri bila kishindo.

Jua kwanza umeshika chuma gani

Malighafi ya fundi wa nyumbani huku kwetu inajulikana: vijiko vya kulia, spoki za baiskeli, njiti za mwavuli, waya wa breki ya pikipiki, vipande vya bomba la shaba, makopo ya soda. Kila kimoja kina namna yake ya kuungwa, na kukosea hapa kunaharibu kazi yote ya mbele.

Kijiko chenye mhuri wa 18/8 au 18/10 mgongoni ni stenlesi nzuri, na sumaku haikishiki au inakigusa kwa unyonge tu. Kijiko cha bei rahisi kinachonasa sumaku kwa nguvu kitashika kutu mapema baharini, ingawa ziwani kinaweza kutumika vizuri. Ukikwangua kijiko kwa tupa na ukaona rangi ya manjano chini ya weupe, hiyo ni shaba ya manjano iliyopakwa madini mengine juu. Usikitupe, kwa sababu shaba ndiyo rafiki mkubwa wa lehemu. Alumini utaitambua kwa wepesi wake na kwa kuwa sumaku haina habari nayo. Hiyo sahau kuilehemu kwa vifaa vya nyumbani, kwani hewa huifunika kwa utando mgumu mara tu unapomaliza kuisugua. Itoboe na uipigie ribiti.

Spoki ya baiskeli inastahili sifa zaidi ya inazopewa. Unene wake huwa karibu milimita 2, ni ngumu, na kichwa chake kilichofutuka ni kizuizi cha tayari. Shanga, kipande cha bomba au chubwi lenye tundu likivishwa humo haliwezi kupita upande wa pili. Ugumu wake pia ndio taabu yake, kwa sababu kuipinda iwe jicho dogo kunahitaji jiliwa na mkono wenye subira. Njiti ya mwavuli ni nyembamba na rahisi kupinda, lakini hupoteza nguvu haraka ikipata kutu, na mimi naiona inafaa kwa samaki wa wastani wa ziwani tu.

Viungo visivyohitaji moto

Marekani wana kisa maarufu cha Julio Buel wa jimbo la Vermont. Inasimuliwa kwamba aliangusha kijiko ziwani, akaona samaki akikirukia kikiwa kinazama kwa kumetameta. Akaenda kukata mpini wa kijiko kingine, akatoboa tundu upande mmoja na kulehemu ndoana upande wa pili. Kisa kinaweza kuwa kimetiwa chumvi, ila hati yake ya uvumbuzi ya mwaka 1852 ipo. Kinachotuhusu ni ile ndoana iliyolehemiwa. Vijiko vingi vya leo vimeiacha njia hiyo, ndoana inaning'inia kwenye pete, na sababu ni nzuri. Ndoana iliyogandishwa kwenye kijiko inampa samaki mkono wa kukongolea. Kila anapotikisa kichwa, urefu mzima wa kijiko unakuwa wenzo wa kuing'oa. Ikining'inia kwenye pete, inageuka pamoja na samaki, na ikiharibika unaibadilisha bila kuwasha moto.

Ili kutengeneza kijiko cha namna hiyo, kata mpini, sawazisha kingo kwa tupa mpaka zisikwaruze kidole, kisha toboa matundu mawili, moja kila ncha. Stenlesi ina ukaidi wake. Ukiitoboa kwa kasi na mkono mwepesi, keekee inateleza, chuma kinapata moto na kuwa kigumu zaidi pale pale ulipokuwa unataka kitoboke. Piga alama kwanza kwa msumari ili keekee isihame, zungusha polepole, kandamiza kwa uzito, na uweke tone la mafuta. Acha nyama ya kutosha kati ya tundu na ukingo. Kwa tundu la milimita 3, acha milimita 3 nyingine au zaidi. Mwisho, lainisha mdomo wa tundu pande zote mbili kwa keekee pana, maana ukingo mkali husaga pete kidogo kidogo.

Pete inayofaa ni ile ya chuma kilichojizungusha mara mbili, namna ya pete za kushikia funguo. Pete za funguo zenyewe usizitumie baharini, kwa kuwa nyingi ni chuma laini kilichopakwa rangi ya fedha. Pete ya mzunguko mmoja iliyofungwa kwa koleo ni mbaya zaidi, hufunguka taratibu bila kukuarifu. Hiyo ukiwa huna nyingine, hapo ndipo lehemu inapopata kazi yake halali: ziba ule upenyo ili pete isiachane. Hata hivyo itumie kwa samaki wadogo tu.

Sasa waya. Nguru na mzia wana meno yanayokata nailoni, ndiyo maana kati ya mshipi na chambo kunawekwa kipande cha waya wa stenlesi mmoja mzito. Waya huo haufungwi fundo, unasokotwa, na msokoto una hatua mbili ambazo wengi huzichanganya. Pitisha waya kwenye jicho la ndoana, kunja, acha kitanzi kidogo. Shika kitanzi kwa koleo, kisha zungusha nyaya zote mbili kwa pamoja, kila mmoja ukijiviringisha kwa mwenzake na kufanya alama ya X iliyo sawa pande zote. Fanya mizunguko minne hadi sita. Ukiangalia na kukuta waya mmoja umenyooka huku mwingine unaupanda kama mtambaazi, fungua uanze upya, kwa sababu msokoto huo utateleza. Baada ya hapo ndipo unapoichukua ncha fupi na kuizungusha kwa pembe mraba, mizunguko minne au mitano iliyobanana bega kwa bega. Hatua ya kwanza ndiyo inayobeba mzigo, ya pili inaizuia ya kwanza isifunguke.

Ncha inayobaki usiikate kwa koleo. Ipinde iwe mfano wa mpini mdogo, kisha uitikise mbele na nyuma hadi ikatike yenyewe mzizini. Koleo huacha kijiti kikali ambacho kitakuchana kiganja siku samaki anapovutwa mkono kwa mkono kuingia chomboni.

Waya wa breki ya pikipiki, kwa vile ni nyuzi nyingi zilizosukwa, hausokotwi hivyo. Unapitishwa kwenye kibomba kidogo, unarudishwa, kisha kibomba kinabanwa kwa koleo lake. Bana sehemu ya katikati, na miisho ya kibomba uiache wazi bila kuiuma, kwa kuwa hapo ndipo nyuzi zinapokatika. Kibomba kiwe cha shaba. Cha alumini kwenye waya wa chuma hakidumu kwenye maji ya chumvi.

Kwa vyambo vya mbao, kosa lililozoeleka ni skrubu yenye jicho inayofungwa puani na nyingine mkiani. Mbao laini ikilowa inavimba na kulegea, na skrubu inatoka kama jino la mtoto. Pitisha waya mmoja kutoka pua hadi mkia. Chonga mfereji tumboni kwa msumeno mwembamba, laza waya ambao tayari umepinda macho pande zote mbili, ongeza risasi kidogo ikiwa unataka chambo kisimame sawa majini, kisha jaza kwa gundi ya epoksi, ile ya tyubu mbili. Gundi hapo inafunika na kushikilia tu. Hata mbao ikipasuka yote, waya unabaki na samaki wako yuko mwisho wake.

Pale lehemu inapofaa

Kuna kazi ambazo bila lehemu haziendi vizuri. Mojawapo ni kuongeza uzito kwenye upande wa ndani wa kijiko ili kiende kina zaidi. Nyingine ni kutuliza kiungo cha nyaya mbili zinazolala ubavu kwa ubavu, kwa mfano unapotaka tawi la pili la ndoana. Kiungo cha namna hii kinajengwa hivi: laza nyaya zikiwa zimepishana kwa sentimita 2, zifunge kwa waya mwembamba wa shaba kutoka kwenye kebo ya umeme, mzunguko kando ya mzunguko, kisha lehemu iingie katikati ya vyote. Shaba ndiyo inayobana, lehemu inajaza nafasi ili pasiwe na cha kusogea.

Pasi ya kulehemu ya fundi redio ya wati 30 inatosha kwa waya mwembamba. Kwenye kijiko itakutesa, maana chuma kikubwa kinanyonya joto lote kabla lehemu haijayeyuka. Tafuta ya wati 60 hadi 100. Sugua sehemu kwa msasa mpaka uone chuma kipya, na baada ya hapo usiiguse kwa kidole, kwa sababu mafuta ya ngozi yanatosha kuifukuza lehemu. Paka dawa. Kwa shaba, ulimbo ulio ndani ya waya wa lehemu unatosha. Kwa stenlesi ulimbo hauna nguvu, inahitajika dawa ya asidi, na mafundi wa friji au wa mabomba huwa wanajua inakouzwa. Pakaza kila kipande lehemu nyembamba peke yake, kisha viunganishe na uvipashe moto pamoja.

Mwanafunzi huyeyusha lehemu kwa pasi na kuidondosha juu ya chuma. Inakaa kama tone la uji, inang'aa, na inabanduka kwa ukucha. Fanya kinyume chake. Pasi ipashe chuma, na chuma ndicho kiyeyushe lehemu. Ikikubali, utaiona inatambaa na kuingia kwenye upenyo yenyewe, ukingo wake ukiwa mwembamba. Usitikise kazi hadi ipoe. Kiungo kilichotikiswa kikiwa kinaganda hugeuka kijivu chenye chembechembe na ni dhaifu.

Dawa ya asidi isiyooshwa itaendelea kula chuma usiku na mchana. Osha kwa maji ya moto na magadi, piga mswaki, suuza, kausha.

Halafu kuna ndoana. Ndoana ni chuma cha pua kilichopewa ugumu wake kiwandani kwa joto lililopimwa, na joto lingine linaweza kumaliza ugumu huo kwa dakika moja. Lehemu ya bati 60 na risasi 40 huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, na ile isiyo na risasi, ya bati na fedha, kwenye nyuzi 221. Kwa joto hilo, ukifanya haraka, ndoana inasalimika, hasa ukiubana mguu wake kwa koleo au kuuzungushia kitambaa kibichi ili joto lisifike kwenye upinde. Chuma kisichopakwa kitu kikifika karibu nyuzi 300 kinageuka rangi ya buluu. Ukiiona buluu hiyo kwenye upinde wa ndoana, itupe. Itanyooka samaki akivuta, na haitavunjika, kwa hiyo hutapata hata sauti ya kukuonya.

Hiyo ndiyo sababu moto wa sonara, wa kuunga kwa fedha, haufai karibu na ndoana. Unazidi nyuzi 600. Kiungo chake ni imara ajabu na kinapendeza, lakini waya wa springi ulioko jirani nao unalainika. Mashine ya kuchomelea mageti nayo iache kwenye mageti.

Moshi na risasi

Mambo mawili katika kazi hii yanadhuru watu kimyakimya. La kwanza ni zinki. Waya mweupe wa kufungia, misumari ya bati na vyuma vingi vya ujenzi vimepakwa zinki, na vikipashwa moto mkali hutoa moshi mweupe. Anayeuvuta haumwi papo hapo. Baada ya saa kadhaa, mara nyingi usiku, anapata baridi, homa, kichwa na maumivu ya viungo, na huku kwetu kila mtu atasema ni malaria. Kawaida hali hiyo hupita ndani ya siku moja au mbili, lakini ukienda zahanati mwambie tabibu kwamba ulikuwa unachoma chuma, ingawa kipimo cha malaria lazima kifanyike.

La pili ni risasi, nayo haipiti. Inakaa mwilini, na kwa watoto inaharibu ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Watu wa Mombasa hawahitaji kuelezwa sana. Katika mtaa wa Owino Uhuru familia ziliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri za magari, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Betri ya gari, basi, isifunguliwe nyumbani kwa ajili ya machubwi. Mbali na asidi, unga wa ndani yake ni risasi iliyo tayari kuingia mapafuni.

Anayeyeyusha risasi safi, afanye nje, upepo ukimpiga mgongoni, watoto wakiwa mbali, kwa sufuria ambayo haitarudi jikoni kamwe. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327. Tone la maji likinaswa chini yake hugeuka mvuke kwa ghafla na kuirusha risasi usoni. Kwa hiyo kausha kabisa ukungu wa kumiminia, na usifanye kazi hii kukiwa na manyunyu. Uingereza ilizuia uuzaji wa machubwi madogo ya risasi tangu mwaka 1987 baada ya batamaji kufa kwa kuyameza. Sisi bado tunayabana kwa meno tukiwa baharini. Tumia koleo. Na lehemu ya kazi ya chambo inunuliwe isiyo na risasi, tofauti ya bei ni ndogo kwa kiasi unachotumia.

Chumvi inavyochagua

Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi, moja inaliwa ili nyingine ibaki. Alumini na zinki huliwa kwanza, kisha chuma cha kawaida, halafu lehemu, na shaba na stenlesi hubaki. Ubaya unazidi pale kinacholiwa ni kidogo na kinachobaki ni kikubwa. Ribiti ya alumini kwenye kijiko cha stenlesi itageuka unga mweupe, wakati ribiti ya stenlesi kwenye kipande kikubwa cha alumini hudumu kwa muda mrefu zaidi. Bora kuliko yote ni kutumia metali moja kote. Kwenye Ziwa Victoria au Tanganyika mambo haya huenda polepole sana, na fundi wa Kigoma anaweza kuchanganya vyuma kwa namna ambayo fundi wa Kilwa hawezi. Kwa vyovyote, chambo kilichotoka baharini kisuuzwe kwa maji baridi na kuanikwa kabla ya kurudi kwenye boksi.

Kabla chambo kipya hakijaingia majini, kitundike. Funga mshipi kwenye boriti, nasa ncha ya ndoana kwenye mpini wa ndoo ya lita 20, jaza maji taratibu. Ikijaa ina kilo 20 za maji. Iache ining'inie robo saa, kisha iinue kidogo na kuiachia ghafla mara kadhaa, miguu yako ikiwa mbali na macho yako yakiwa pembeni ya mstari wa mshipi. Shusha na ukague kwa kidole njia ileile kutoka mshipini hadi nchani. Pete ikiwa imefunguka mdomo, weka nene zaidi. Jicho la waya likiwa limerefuka, waya ni laini mno au ulipashwa moto. Lehemu ikiwa na ufa mwembamba, usiiongeze nyingine juu yake. Itoe yote, na upange upya waya mpaka ufa huo usiwe na cha kubeba.